Kufufua pagale: kibali, ukaguzi na namna ya kuthibitisha kilichofukiwa

Pagale, yaani nyumba iliyoachwa kabla ya kumalizika, likisimama miaka sita halihitaji saruji kwanza. Linahitaji majibu mawili. Je, kwa karatasi kiwanja bado ni chako na nyumba ile inaruhusiwa kusimama pale ilipo? Na je, msingi na nguzo zilizofunikwa zamani zina uwezo wa kubeba linta, slebu na paa linalokuja? Swali la kwanza hujibiwa na ofisi. La pili hakuna ofisi itakayokujibia. Mkaguzi hasaini asichokiona, na kazi ya kumwonyesha ni ya mwenye nyumba. Wengi hukwama mara ya pili kwa sababu walimaliza la kwanza wakadhani safari imekwisha.

Maelezo haya ni ya nyumba ya kuishi, ya chini au ya ghorofa moja, kwenye kiwanja kilichopimwa ndani ya halmashauri ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria na ofisi zake. Kama kiwanja hakijapimwa, anza na urasimishaji na upimaji, maana kibali cha kawaida huombwa kwa namba ya kiwanja na kitalu.

Jalada kabla ya toroli

Kusanya kila karatasi iliyopo: hati au barua ya toleo, kibali cha zamani pamoja na michoro yenye mihuri, stakabadhi za pango la ardhi, risiti za nondo na saruji, na mkataba na fundi hata kama uliandikwa kwenye daftari la shule. Kisha mtafute fundi wa zamani umwombe picha za msingi zilizomo kwenye simu yake. Picha moja inayoonyesha nondo za kitako cha nguzo kabla ya zege kumwagwa yaweza kukuokolea siku nzima ya kuchimba.

Nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi rasmi, hata kama hati iko kabatini kwako. Upekuzi utaonyesha jina lililosajiliwa sasa, rehani ya benki kama ipo, na zuio lolote lililowekwa. Ukiwa hapo soma masharti ya hati. Kwenye hati nyingi za makazi mmiliki hupewa miezi 6 kuwasilisha michoro, miezi 6 kuanza ujenzi baada ya michoro kupitishwa, na miezi 36 tangu miliki ianze awe amemaliza. Pagale la miaka sita limevunja sharti hilo, na chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 uvunjaji wa masharti ndio mlango wa kubatilishiwa miliki. Ilani hutangulia, kwa hiyo uliza kama kuna ilani kwenye jalada, kisha andika barua ya kuomba kuongezewa muda, ukieleza sababu na ratiba mpya. Lipa na pango lote la nyuma, kwa sababu deni la pango ndilo linalorudisha maombi mengi dirishani siku ya kwanza.

Kama aliyeanza kujenga amefariki, kibali hakihami chenyewe kwenda kwa watoto. Msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama, jina lake huingizwa kwenye kumbukumbu za ardhi, ndipo maombi hutoka kwake. Aliyenunua pagale naye amalize uhamisho wa miliki kwanza. Mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa haumfanyi kuwa mwombaji. Na aliyeko Muscat au Minneapolis amtengenezee mtu wake hati ya uwakilishi inayotaja kiwanja kwa namba na kazi kwa majina: kuomba kibali, kusaini fomu za ukaguzi, kupokea barua. Hati isemayo tu "ashughulikie mambo yangu yote" huleta ubishi kila dirisha.

Baada ya karatasi, toka nje uangalie mazingira, maana kiwanja hakikuhama lakini mji umehama. Mlete mpima athibitishe bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja. Zile zinazoonekana huenda zimeng'olewa na jirani akarudishia kwa kukisia. Kwa barabara kuu na za mkoa, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na barabara iliyopandishwa daraja wakati umesimama inaweza kuwa imekula uwanja wako wa mbele. Alama ya X ya TANROADS, wakala wa barabara, usiifute wala kuipaka plasta. Tafuta maana yake ofisini kwao, kwa sababu nyekundu na ya kijani zimekuwa zikitofautiana katika suala la fidia. Karibu na mto, ziwa au bahari, Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60.

Kibali chako kiko hali gani

Mwone mkaguzi wa majengo au mhandisi wa halmashauri ukiwa na namba ya kibali cha zamani, uombe jalada lifunguliwe mbele yako. Utakuta moja kati ya hali nne.

Kibali bado kina muda: hii ni nadra, lakini hutokea. Utaomba tu ukaguzi wa kurejea kazini. Hakikisha kilichojengwa ndicho kilichochorwa.

Kibali kimekwisha muda: tarehe na masharti yameandikwa kwenye kibali chenyewe. Hapa huombi upya kana kwamba ni kiwanja kitupu. Unaomba kuhuishwa, ukiambatisha taarifa ya hali ya jengo. Usikubali fundi au dalali akwambie "lipia tu kama kipya". Michoro mipya inayoonyesha uwanja mtupu huku mkaguzi akikuta kuta za mita tatu itarudi.

Kibali hakijawahi kuwepo: wengi wako hapa na wanaona haya kusema. Sema. Utatakiwa kuleta michoro ya jengo kama lilivyojengwa, kisha halmashauri iamue linaweza kuhalalishwa lilivyo, lirekebishwe, au sehemu ivunjwe. Faini inaweza kuwepo. Kulipa faini si sawa na kupata kibali, na stakabadhi yake haimzuii yeyote kukubandikia zuio wiki inayofuata.

Kuna zuio: ukutani pameandikwa SIMAMISHA UJENZI au kuna barua. Zuio huondolewa kwa barua, na ofisi ileile iliyoliweka. Usianze kazi kwa ahadi ya mdomo, hata ikitoka kwa aliyeandika rangi ile kwa mkono wake.

Kuonyesha kisichoonekana

Hapa ndipo fedha ya kwanza itumike. Ajiri mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, aandike taarifa ya hali ya jengo na kuisaini kwa muhuri wake. Kwa nyumba ya chini ambayo kuta ndizo zinazobeba mzigo, kazi hii ni ndogo. Kwa ghorofa haina mjadala. Baada ya jengo la Kariakoo kuanguka tarehe 16 Novemba 2024, mkaguzi anayepitisha ghorofa la zamani bila taarifa ya mhandisi anajiweka kitanzini, na hatakubali.

Siku mbili kabla mhandisi hajaja, safisha. Fyeka majani, ondoa kifusi, maji yaliyotuama yatolewe. Mti uliojiotea ndani usiung'oe kwa nguvu kama mizizi imepita chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege. Ukate usawa wa chini kwanza mhandisi aone ulikopita, kwa sababu mwarobaini wa miaka minne huweza kuinua jamvi bila kuonyesha ufa juu.

Msingi. Chimba mashimo matatu au manne kando ya ukuta: kwenye kona, chini ya ufa mkubwa kuliko yote, na kando ya nguzo inayobeba mzigo mwingi. Shuka mpaka uone sehemu ya chini ya zege la msingi. Pima kina, upana na unene, piga picha na tepu ikiwa imelazwa ndani ya picha, kisha chunguza udongo ambao msingi umeukalia: ni mchanga, mfinyanzi, au ule mweusi wa mbuga unaovimba masika na kupasuka kiangazi? Usiache shimo wazi usiku. Unaporudishia, shindilia kila sentimita 15. Ukimwaga udongo wote kwa mpigo umejitengenezea birika la maji ya mvua chini ya ukuta.

Nguzo na bimu. Kuna kifaa cha kusoma nondo bila kubomoa, na mhandisi akiwa nacho utapona vumbi. Kama hana, hubanjua zege la juu sehemu ndogo mpaka nondo ionekane. Zinahesabiwa nondo, unapimwa unene wake, na unapimwa umbali kati ya ringi na ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozifunga nondo. Katika nyumba za mtaani kosa la kawaida ni ringi. Mchoro unasema sentimita 15 au 20, ukibanjua unakuta 30, maana mkunja nondo alilipwa kwa siku na siku ilikuwa inaisha.

Uimara wa zege hupimwa kwa nyundo ya Schmidt, ile inayogonga na kurudi. Sehemu moja yenye upana wa sentimita 30 kwa 30 isuguliwe kwa jiwe mpaka iwe laini, igongwe mara 10 hadi 12 mahali tofauti, na wastani uchukuliwe. Kuna mtego hapa: zege lililokaa wazi miaka mingi hugumaa ngozi ya juu kwa kunywa hewa ya ukaa, na nyundo husoma ile ngozi. Namba inatoka nzuri kuliko ukweli. Ndiyo maana kwa slebu na nguzo za ghorofa mhandisi makini huomba vipande vya duara vikatwe kwa mashine, kipenyo cha milimita 100, visipungue vitatu, vipelekwe maabara. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Maabara Kuu ya TANROADS wanavunja sampuli za namna hii. Tundu lililobaki hujazwa mota isiyonywea siku hiyohiyo.

Ukiwa umeshabanjua, tumia nafasi hiyo kupima jambo jingine: nyunyiza finofthalini, dawa ya maabara inayobadili rangi, kwenye zege lililovunjika sasa hivi. Panapogeuka zambarau, zege bado linalinda nondo. Panapobaki bila rangi, ulinzi umekwisha. Kama ukanda usio na rangi umefika kwenye nondo, kutu imeshapewa ruhusa hata kama bado haijajitokeza nje. Kwa majengo ya Kigamboni, Mbweni na Bagamoyo, ambako upepo una chumvi, usikiruke kipimo hiki.

Kisha zile nondo zilizoachwa zikichungulia juu ya nguzo, mahali pa kuungia ghorofa inayofuata. Watu husema "kutu kidogo tu". Sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma cheupe, pima kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, mahali palipolika zaidi, mara nyingi sentimita mbili za kwanza juu ya zege ambapo maji hukaa. Nondo ya milimita 12 iliyobaki 11 ina asilimia 84 ya nguvu yake. Iliyobaki 10 ina asilimia 69, yaani karibu theluthi imekwenda na macho hayakuona. Kutu ya unga haina shida. Ile ya magamba yanayobanduka ndiyo ya kupimwa. Nondo iliyokunjwa ili isichome watu inyooshwe mara moja tu, taratibu, bila moto. Iliyokunjwa na kunyooshwa mara kadhaa hukatika kama waya wa hanga. Na kama wauza skrepa wameshazikata, usichomelee kipande juu ya kisiki bila mhandisi. Njia ya kawaida ni kutoboa tundu jipya, kwa nondo ya 12 huwa milimita 16, na kina anachotoa mhandisi. Lipulizwe, lipigwe brashi, lipulizwe tena, lijazwe gundi ya epoksi kuanzia ndani kuja nje. Vumbi likibaki ndani, gundi hushika vumbi, na nondo hung'oka kwa mkono.

Kuta. Kwaruza tofali la juu kwa msumari wa inchi 4. Likiacha mstari mwembamba ni zima, likimwaga mchanga kama sukari, kozi hiyo, yaani safu hiyo ya tofali, iondolewe. Kuta zilizokaa bila kufunikwa juu kwa kawaida hupoteza kozi moja au mbili za juu, na hiyo si hasara ya kulilia. Shusha timazi kila kona. Ukuta wa mita 3 uliolala zaidi ya sentimita 2 usiamuliwe na fundi. Nyufa zinazopanda kama ngazi kutoka kona ya dirisha husema msingi umeshuka upande mmoja. Bandika kipande cha kioo chembamba juu ya ufa kwa epoksi, andika tarehe kwa makapeni, uache angalau mwezi, na ikiwezekana mvua ipite. Kioo kikipasuka, ufa bado unatembea, na kuziba kwa plasta ni kuuficha mpaka siku ya bati.

Michoro na maombi

Taarifa ya mhandisi ikishatoka, msanifu huchora jengo lilivyo sasa kwa rangi moja na kitakachoongezwa kwa nyingine. Hili dogo huokoa muda mwingi, kwa sababu mkaguzi halazimiki kubahatisha kipi ni cha zamani. Mchoro uonyeshe namba ya kiwanja, umbali wa jengo kutoka kila mpaka, asilimia ya kiwanja inayofunikwa, matumizi, na mfumo wa maji taka. Ukihamisha choo au kuongeza chumba, chora sasa. Kubadilisha saitini halafu kuchora baadaye ndiko kunakorudisha zuio.

Halmashauri hupokea maombi mtandaoni kwa mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, na afisa pale ofisini atakusaidia ukikwama. Kwa kawaida utaambatisha:

- seti tatu za michoro ya usanifu, na seti mbili za michoro ya vyuma kama ni ghorofa
- hati au barua ya toleo, na stakabadhi ya pango la mwaka huu
- kibali cha zamani, au barua inayokiri kwamba hakikuwepo
- taarifa ya mhandisi yenye muhuri, picha na majibu ya maabara
- barua ya usimamizi wa mirathi au hati ya uwakilishi, inapohusika

Ada hulipwa kwa kontroo namba tu. Mtu akikupa namba yake ya simu ya kulipia, hata kama amevaa kitambulisho, huyo hakusaidii. Michoro itazungukia mipango miji, afya na majengo, na zimamoto kwa jengo linalohitaji. Uliza kila wiki iko meza gani, kwa upole na kwa namba ya ombi.

Kurudi saitini

Siku ya kibali kutoka, weka bango: namba ya kibali, mhandisi, mkandarasi, kiwanja. Fungua daftari la saiti lenye kurasa zilizopigwa namba. Kila ukaguzi uombwe kwa maandishi siku mbili tatu za kazi kabla, na mkaguzi asaini daftarini kabla zege halijamwagwa. Baada ya kumwaga, saini yake haina anachokithibitisha. Hatua zinazofungwa kwa saini ni nondo na boksi za nguzo, bimu na slebu, mabomba ya chini kabla ya kufunikwa, linta, mkanda wa zege juu ya kuta, kenchi kabla ya bati, na shimo la maji taka kabla ya kufunikwa.

Ukaguzi wa kwanza wa zege jipya juu ya la zamani ndio wa kuusubiri kwa subira. Uso wa zamani ubanjuliwe mpaka kokoto zijitokeze, uoshwe, uloweshwe tangu jana yake, na siku ya kumwaga uwe na unyevu bila madimbwi. Mafundi hupenda kumwaga saruji kavu juu yake "ili ishike". Haishiki. Inatengeneza tabaka laini la unga. Nondo mpya zipishane na za zamani kwa mara 40 hadi 50 ya unene wake, yaani sentimita 48 hadi 60 kwa nondo ya 12. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) tarajia mifuko 6 hadi 7 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, na maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, ukihesabu na yale yaliyomo kwenye mchanga uliolowa. Tengeneza sampuli sita za mchemraba wa milimita 150 kila siku ya zege kubwa: tatu zivunjwe siku ya 7, tatu siku ya 28. Siku ya 7 ukipata karibu theluthi mbili ya nguvu inayotakiwa, uko njiani.

Saruji iliyobaki stoo tangu zamani itumike kwa kazi zisizobeba, au itupwe. Ikiwa na mabonge yasiyovunjika kwa vidole, imekwisha. Mbao za kenchi zilizokaa mvuani zigonge kwa nyundo: zinazotoa sauti butu zirudi jikoni zikawe kuni.

Shimo la choo lililoachwa wazi halirithiwi hivihivi. Toa maji, kagua kuta, na pima umbali wake na kisima, chako na cha jirani. Visima vipya vimechimbwa wakati wewe umelala, na mita 30 ndicho kiasi maafisa afya hukitafuta. Mtu asishuke peke yake wala bila kamba, kwa sababu hewa ya chini huua kimya kimya.

Umeme huombwa TANESCO kwa NIKONEKT, mfumo wao wa maombi mtandaoni, baada ya waya kufungwa na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ambaye fomu yake huambatishwa. Nyaya zilizolazwa ukutani kabla ya kusimama zivutwe zote nje. Panya hawaachi kitu. Mwisho andika barua ya kuomba ukaguzi wa kumaliza na kibali cha kuhamia, ukiambatisha nakala za kurasa zilizosainiwa za daftari la saiti na majibu ya sampuli za zege. Mkaguzi atapita na mchoro mkononi akihesabu vyumba na madirisha, atafungua mfuniko wa chemba ya kwanza, atauliza maji ya bati yanaelekea wapi. Yakielekea kwa jirani, atarudi wiki mbili baadaye.